Kuweka akiba ya spea za Datsun 240Z hapa Nairobi: nini ununue, nini uache, na vile utaihifadhi

Watu husema akiba haiozi. Akiba ya spea inaoza, tena pole pole bila wewe kujua, na hiyo ndo kitu nataka tuongelee juu naona wenye gari za zamani wengi hapa Nairobi wananunua injini nzima ya pili wanaificha kwa stoo Kitengela, alafu gari inakuja kulala miezi juu ya mawe kwa sababu ya kipande cha mpira.

Mimi ilinifanyikia. Nilikuwa na injini ya L24 ya akiba, hiyo ndo injini ya 240Z, gia boksi mbili, mlango wa kulia na wa kushoto, nikijiona nimemaliza kazi. Siku moja nikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Rironi nikakanyaga klachi, pedali ikaenda chini ikabaki huko. Slevu silinda, ile silinda ndogo inayosukuma klachi, ilikuwa imemwaga mafuta yote. Tukavutwa mpaka Limuru, jioni nikafika nyumbani moyo ukiwa umetulia juu nilijua mpira wake ninao, niliununua miaka sita nyuma nikauweka kwa mkebe wa Blue Band na nikaupaka oili ya injini kidogo ndo usikauke. Nikafungua mkebe. Ule mpira unafaa kuwa kama koini ya shilingi tano, mgumu kiasi, na mdomo mkali pembeni. Niliopata umevimba, mdomo umejikunja kwa nje, na ukiuminya alama ya kidole inabaki. Nikaupeleka kwa mzee mmoja fundi Kariobangi, akaugeuza mara moja tu akaniambia, "Kijana wangu, mpira wa breki na klachi haupatani na oili ya injini, inaunywa mpaka unavimba. Hii imekufia kwa mkebe." Gari ililala wiki saba nikingoja ingine itoke nje.

Kwa hivyo kabla hujanunua kitu chochote, kila spea iulize maswali matatu: inapatikana mjini saa hii? Ikikosekana, kuna fundi hapa anaweza kuitengeneza? Na ikikaa kwa shelfu miaka kumi, itakuwa bado nzima? Majibu ya hayo matatu ndo yanakuambia ununue ngapi, si bei, na si uoga.

Tuanze na vile hufai kuweka, juu hapo ndo pesa inapotea sana. Plagi za BP6ES ziko kila mahali. Fenibelti unaenda na urefu unapewa. Beringi, oili sili, balbu, fyuzi, hozi zilizonyooka, klipu, oili, mafuta ya breki, yote Kirinyaga Road na Industrial Area utapata asubuhi moja. Mafuta ya breki hata usiyarundike kabisa, yanavuta maji kutoka kwa hewa, chupa ikishafunguliwa tumia haraka au uipe mtu. Duka la spea ndo stoo yako kwa hizi vitu, waache wao wakuwekee.

Lakini mjini usiende ukisema "nataka beringi ya 240Z". Kijana wa kaunta hajawahi kuiona hiyo gari, atakuambia hakuna, na hajakudanganya. Nenda na namba. Toa ile beringi ya zamani, ioshe na dizeli mpaka grisi yote iishe, ipanguse na kitambaa, alafu washa tochi ya simu uielekeze kwa ukingo wa ringi ya nje. Utaona namba imechongwa ndogo sana. Hiyo namba ni ya dunia nzima, haijali gari. Zile beringi za gololi za kawaida hata zinajisema zenyewe: tarakimu mbili za mwisho zikiwa 04 kwenda juu, zizidishe kwa tano unapata shimo, 6205 ni shimo la milimita 25. Oili sili nayo ina vipimo vitatu, kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kama 38-54-10, ukiwa navyo utapewa sili ya trekta na itaingia sawa kabisa kama ni ya mpira wa aina inayofaa. Namba ikifutika, nunua vernia, kile kipimo cha milimita, ujifunze kuitumia, ni pesa kidogo na itakuokoa maisha yote.

Na namba za Nissan, ndo waliotengeneza Datsun, pia zijue. Ni tarakimu tano, kistari, alafu tano zingine. Zile tano za kwanza zinasema ni kitu gani: 11044 ni hed gasketi, 15208 ni oili filta, 21010 ni wota pampu, 21200 ni thamostati. Zile tano za mwisho ndo zinasema ni ya gari gani. Ukishazoea hiyo utaweza kusoma katalogi ya Kijapani bila kujua neno moja la Kijapani, na utajua mtu akikuuzia kitu ambacho si chenyewe.

Sasa kuna jambo naona wengi wanalikosa, nalo ni familia ya hii injini. Mwaka 1970 Safari Rally ilichukuliwa na Datsun 1600 SSS ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, mwaka uliofuata wawili hao hao wakashinda tena na 240Z, na 1973 marehemu Shekhar Mehta akashinda na 240Z akiwa na Lofty Drews. Hizo gari mbili ni ndugu kabisa. Injini ya SSS ni L16, ya 240Z ni L24, na zote silinda yake ni milimita 83 na mwendo wa pistoni ni 73.7. Yaani L24 ni kama L16 iliyoongezwa silinda mbili. Beringi za konrodi ni saizi moja, ringi za pistoni saizi moja, roka na sili za valvu vile vile. Kwa hivyo ukisikia mzee fulani Nyeri au Nakuru anauza 1600 SSS iliyokufa, ama 160J yenye L16, usiangalie bodi peke yake. Kumbuka tu seti ya silinda nne haitoshi silinda sita, utahitaji seti mbili na utabaki na za silinda mbili, ziweke. Wakubwa wake L26 na L28 nao wanasaidia, L28 iliwekwa kwa 280ZX na pia kwa Nissan Patrol za petroli, na hizo ni silinda sita kwa hivyo wota pampu na gasketi nyingi zinafanana. Linganisha kwanza kabla ulipe, juu L28 silinda yake ni milimita 86 na hed gasketi lazima iendane na tundu, na pistoni hazibadilishani.

Ndo maana nasema injini nzima ya akiba si mbaya, lakini iwe ya mwisho kwa listi. L24 ikipewa oili kwa wakati, na valvu zirekebishwe ikiwa baridi, milimita 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutoa, itaenda miaka mingi bila kukusumbua. Inayokuangusha ni vitu vidogo.

Hesabu ya idadi nayo ni rahisi ukiiangalia vile gari inatumika kweli. Hii si matatu. Kama unaendesha wikendi, Naivasha mara moja moja, Ngong Racecourse kwa Concours, yale mashindano ya magari maridadi, tuseme ni kilomita 3,000 kwa mwaka. Miaka 20 ni kilomita 60,000. Sasa brek pedi seti moja ikikupeleka kilomita 30,000, unahitaji seti mbili kwa maisha yote hayo, si kumi. Klachi moja, na beringi yake ya kusukuma mbili. Wota pampu mbili. Timing cheni seti moja kamili na tenshona na gaidi zake. Hed gasketi mbili. Fyueli pampu moja na kiti, yaani seti ya vipande vya kuitengeneza. Kifuniko cha distribyuta na rota, tatu tatu, juu hizo zinapasuka bila kukuambia. Krosi za hafu shafti za nyuma nne, maana hafu shafti moja ina mbili. Vitu vya chuma vya kuchakaa vinafuata kilomita, na kilomita zako ni chache.

Mpira ni ingine. Mpira haujui kama gari imetembea ama imesimama, unazeeka na kalenda. Wanaohifadhi mpira kitaalamu wanapiga hesabu ya miaka kama 5 kwa mpira wa asili, 7 kwa naitraili ambayo ndo oili sili nyingi, na 10 kwa mpira wa aina ya EPDM na vaitoni, hapo ukiwa umeuweka vizuri. Kwa hivyo kununua kiti 15 za breki ati za miaka 40 ni kutupa pesa. Nunua mbili kwa kila silinda, moja ifungwe, moja ikae, na ukifunga ile iliyokaa agiza ingine wiki hiyo hiyo. Kabla ulipe uliza ilitengenezwa lini, juu kuna kitu wanaita nyu-oldi stoki, yaani spea ya zamani ambayo haijawahi kutumika, inakuja kwa boksi nzuri ya Nissan ya mwaka 1978 na ukiiona unafurahi sana, lakini mpira uliokaa kwa boksi tangu 1978 ni wa kuweka kwa kabati ya kioo, si wa kukusimamisha ukishuka Limuru. Chuma cha nyu-oldi stoki ndio, chukua hata mbili. Mpira hapana. Na kondensa ya distribyuta pia iangalie kwa jicho hilo hilo, ya zamani inaweza kuwa imekufa ikiwa bado kwa karatasi yake.

Kuhifadhi sasa. Nairobi tumebarikiwa kwa hii, si Mombasa ambako chumvi ya bahari inakula chuma kikiwa ndani ya boksi. Lakini kontena la mabati mwezi wa pili linachemka mchana na usiku linapoa, na hapo ndo mpira na plastiki zinakufa, na chuma kinatoa jasho kinaanza kutu. Mimi vitu vya mpira nilivitoa kwa kontena nikavileta ndani ya nyumba, chini ya kabati ya chumba cha wageni, mahali pana giza na hapapati moto. Mama watoto alinielewa nilipomwonyesha ule mpira uliovimba.

Kila kipande cha mpira kiingie kwa mfuko wa plastiki wa kufunga, utoe hewa, kilale flat bila kukunjwa na bila kuwekewa uzito. Usitundike oili sili kwa msumari, mdomo wake unajipinda upande mmoja na haurudi. Mpira wa breki ukitaka kuupaka kitu, paka mafuta safi ya breki au ile grisi maalum ya breki peke yake, hakuna oili, hakuna vaseline. Mipira ya milango na ya vioo ipake poda ya mtoto. Usiweke mpira karibu na jenereta, chaja ya betri ama mashine ya kuwelda, zile cheche zinatoa gesi ya ozoni inayopasua mpira nyufa nyufa.

Beringi ziache kwa karatasi yake ya kiwandani, usifungue kuangalia, jasho la kidole linatosha kuanzisha kutu. Zilale flat. Gasketi zote, hasa za koki (cork, ile ya vizibo vya chupa) na hed gasketi, zilale kati ya mbao mbili za plaiwudi, ukizisimamisha zinapinda na za koki zinakatika. Diski na kamshafti na gia zipake grisi kabisa, nene, alafu karatasi ya nta na plastiki juu. Zile spreyi za kufungua nati zilizoshika hazikai, ndani ya miezi zimekauka na kutu iko. Klachi pleti na brek shu ziwe mbali na hayo mafuta yote, weka boksi tofauti. Kioo cha mbele kama umebahatika kukipata kisimame wima juu ya blangeti, usikilaze.

Alafu andika. Kila mfuko uwe na karatasi ndani, si nje, juu wino wa nje unafutika. Yangu ziko hivi: "Slevu silinda ya klachi, kiti, imenunuliwa 03/2024, imetengenezwa 2023, kipenyo nimepima mwenyewe, ikifungwa agiza ingine." Listi nzima iko kwa simu na kopi kwa daftari. Siku moja utakuwa hospitali ama safari na mtoto wako ama fundi atataka kitu, na bila listi hayo maboksi ni takataka kwake. Mara mbili kwa mwaka nafungua zote, ya zamani inaenda kwa gari, mpya inaingia kwa mfuko.

Kuagiza nje kuna mtego mmoja mkubwa. 240Z nyingi ziliuzwa Marekani, kwa hivyo spea nyingi utakazoona kwa mtandao ni za huko, na za huko stelingi iko kushoto. Injini, difu, sasipenshoni, breki za magurudumu, haina shida. Lakini stelingi reki, dashibodi, mabomba ya hita, vifaa vya waipa na pedali usiagize Marekani kabla hujauliza. Hata taa za mbele, za huko zinapiga mwanga upande wa gari inayokuja kwako. Kwa hizo angalia Japani kwenyewe, Uingereza na Australia, wanaendesha upande wetu. Na usiagize kitu kimoja kimoja, juu ada za usafiri na ushuru na VAT ya asilimia 16 zitakumaliza kwa gasketi ya mia tano. Tafuta wengine wawili watatu wenye Datsun, mkusanye oda, boksi moja ije mara mbili kwa mwaka.

Kuhusu mafundi wetu, nataka kusema hii kwa moyo wote: ukiwa Nairobi uko na kitu wenye hizi gari ulaya wanalilia. Kariobangi Light Industries kuna watu wa lethi wanaweza kuchukua wota pampu iliyokufa wakaiwekea beringi na sili mpya, wakatoboa silinda ya klachi iliyoliwa na kutu wakaingiza slivu ya brasi, wakachonga bushi za shafti ya kabureta zako za Hitachi zisivute hewa. Redieta inawekewa koa mpya, yaani kiini chake. Brek shu zinabandikwa laining mpya. Bushi za mpira zinamwagwa hapa hapa. Lakini haya yote yanataka jambo moja, ile ya zamani iwepo. Kwa hivyo usitupe. Ukibadilisha kalipa, pampu, altaneta, stata, masta silinda, ile mbovu ioshe, ipake oili, iandike "mbovu, ya kutengeneza", iweke. Niliwahi kuachia fundi mmoja masta silinda yangu ya zamani akaiuza kwa mtu wa chuma chakavu, na ile kopi niliyonunua ilivuja mwaka wa kwanza. Hadi leo naumia nikiifikiria hiyo, chuma cha ndani kilikuwa kizima kabisa.

Kitu ambacho lethi haitakusaidia ni vitu vya kuonekana: lenzi za taa za nyuma, bampa za kromi, vishikio vya mlango, swichi za dashibodi, mipira ya dirisha, nembo. Hakuna mtu anazichonga, na hizi ndo ningekuambia ununue ukiziona popote, siku hiyo, hata kama zako ni nzima. Lenzi ya nyuma ikipasuka kwa parking ya supamaketi, gari inatembea lakini si ile tena. Chonga namba ya gari yako kwa ndani ambapo haionekani, na ukinunua mjini dai risiti, juu lenzi ya bei ya chini sana ina mwenyewe anayeitafuta.

La mwisho ni boksi ya kutembea nayo kwa buti, tofauti na stoo. Yangu ni toolboksi ndogo ya plastiki: fenibelti moja, poinzi na kondensa zilizoseti, rota, plagi mbili, hozi ya juu ya redieta, fyuzi, mita mbili za waya, kiti ya slevu silinda ya klachi ikiwa kwa mfuko wake, chupa ndogo ya mafuta ya breki ambayo haijafunguliwa, spana 10, 12 na 14, fila geji ya kupimia nafasi, tochi, na kikaratasi kimebandikwa ndani ya kifuniko, 1-5-3-6-2-4, hiyo ni oda ya kuwasha ya silinda, juu usiku kando ya barabara na waya sita za plagi mkononi kichwa kinasahau.